Shingo ya Tereza Haina Rovu

Mwamkulu, Jumatano, Oktoba 1976

Jua la leo halina adabu. Mvua bado, watu wanachoma mashamba, na moshi umeingia hadi jikoni. Tereza ameshinda na sweta. Nimemvua, amelivaa tena.

Sasa najua kwa nini anasikia baridi. Majibu ya damu yamefika na treni kutoka Dar, na daktari wa mjini ametusomea leo, mimi na mke wangu.

Tereza ni binti yetu wa kwanza, ana miaka tisa. Alizaliwa na hali ambayo madaktari wanaiita Down: macho yamepanda kidogo, ulimi mzito, kila jambo anajifunza polepole. Hilo tumeshalizoea. Hili jipya ni tezi ya shingoni. Imelegea, haifanyi kazi yake, na mwili mzima umepoa. Daktari anasema watoto wa hali yake hupatwa nalo sana.

Nilimbishia. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu, nilimbishia daktari kwamba shingo ya mtoto haina rovu. Huku kwetu tezi mbaya ni ile iliyovimba, kila mtu anaiona. Kumbe inaweza kuchoka kimyakimya.

Na kimya ndicho kilichotudanganya. Tangu kiangazi kianze Tereza ameacha kukimbiza kuku, ameacha kushika mikono ya watu wote baada ya misa. Analala mchana. Mashavu yamejaa. Majirani walitupongeza: mtoto ametulia, mtoto ana afya! Mama yangu, aliyekuja kutoka Mpimbwe kutusaidia, alizipokea sifa zote, maana ndiye anayempikia uji.

Jioni nilimweleza. Kidonge kimoja kila alfajiri, kabla mtoto hajatia kitu tumboni. Uji usubiri.

Mama aliweka mwiko chini. "Nyie mnataka mtoto akonde ndiyo mseme kapona?"

Nilisema ndiyo, yale mashavu ni uvimbe wa ugonjwa.

Amenuna tangu hapo. Atapoa, namjua.

Lakini si hilo lililonikalisha niandike. Kule hospitali mke wangu aliuliza dawa hii ni ya mpaka lini. Daktari alikuwa anaandika, hakuinua hata macho. "Maisha yake yote, mama."

Mke wangu akaanza kulia. Nilidhani analilia vidonge visivyoisha, nikamfariji hivyo. Njiani, akiwa amekaa kwenye keria ya baiskeli, aliniambia nimekosea. Tereza alipozaliwa, mkunga alitushauri tusimzoee sana. Tangu siku ile hakuna mtu, hata padre, hata mimi baba yake, aliyewahi kutamka kwamba mtoto huyu ana maisha ya kuishi.

Niliendelea kukanyaga pedeli.

Nilifurahi, hilo nalikiri. Na niliogopa, ila hofu yenyewe ilikuwa ngeni. Miaka yote hii nimekuwa naogopa kumzika.

Leo naogopa kumwacha.

Kesho kidonge nitamwekea kiganjani. Aanze mapema kujifunza kukimeza mwenyewe.