Betri Inayopumua Sebuleni

Jumanne, 3 Juni

Daftari, hujambo? Siku nne sijakufungua, nisamehe. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kahawa tu inanimaliza mgongo. Nimeanika tangu asubuhi.

Kemi yupo nyumbani wiki ya pili sasa. Mwanangu wa tatu, yule wa chuo kikuu. Ameweka betri yake sebuleni, kwenye meza ya Biblia. Ndogo kama kipande cha sabuni. Ndani ina zinki, na upande mmoja una matundu ya hewa. Ikitoa umeme inavuta hewa. Ikichajiwa inairudisha. Kazi zote mbili zinafanywa na unga mweusi, yeye anauita kichocheo. Na unga huo ni maganda ya ndizi zetu! Nilimenya mimi. Nilichoma mimi, kwenye pipa lililofungwa, hapahapa Ihanda. Yeye akaenda kuuoka tena chuoni pamoja na chumvi ya chuma.

Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage.

Alhamisi, 5 Juni

Mizunguko sabini na nane. Kuchaji na kutumia, saa moja kila mzunguko. Kimashine alichokiunganisha nayo kinabadilisha chenyewe na kuandika namba za umeme. Anataka mia mbili. Unga wa aina nyingine, anasema, huweza kazi moja ukashindwa ya pili, au huweza zote siku mbili halafu unachoka. Maabara kule hewa ni safi mno, ndiyo maana kaileta ikae na vumbi na moshi wetu. Ikichoka kabla ya mia mbili, mwalimu wake amesema aachane na maganda. Miaka mitatu ya kazi ya mwanangu. Naomba kila nikipita mezani.

Jirani yangu Ma Jovina kaja kuchungulia. "Kumbe mbuzi wangu wakila maganda wanakula umeme!" Tumecheka mpaka machozi.

Jumamosi, 7 Juni

Vibaya. Kemi alishinda mjini Kayanga jana na leo kutafuta intaneti. Amerudi, kaangalia namba. Jana mchana zimeshuka, usiku zikapanda, leo mchana zimeshuka tena. Anasema joto la mchana linauchosha unga. Hakula. Kesho jioni ataizima, kuliko kujidanganya.

Nimeumia.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Nimejua. Mchungaji anasoma habari ya upepo uliojaza nyumba, mimi nikakumbuka. Jani!

Juzi na jana, kabla ya kwenda kugeuza kahawa, niliifunika betri kwa jani la mgomba. Nililibabua motoni likalainika, nikalibana pembeni vizuri, kama ninavyofunika ndizi chunguni. Vumbi lisiingie. Saa kumi nikalitoa, nikapangusa meza. Nilidhani naitunza. Kumbe naiziba pumzi.

Wimbo wa mwisho sikuimba. Niliogopa. Nikisema, nimekiri kuharibu kazi yake. Nikinyamaza, ataizima.

Nimemwambia tukiwa njiani. Akasimama katikati ya barabara. "Mama. Umeifunika kama ndizi?" Ndiyo. "Siku mbili?" Ndiyo. Akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kanisani. Akacheka, kisha akalia, kisha akanishika mkono tukakimbia. Mimi na magoti haya!

Maana, anasema, kumbe si joto lililouchosha unga; betri imezibwa mara mbili, na mara zote mbili imerudi palepale, kuvuta na kurudisha. Yeye mwenyewe asingethubutu kuitesa hivyo. Haizimwi!

Jumanne, 10 Juni

Mia mbili! Saa kumi na moja jioni. Namba karibu zilezile za siku ya kwanza. Nilipiga vigelegele, Ma Jovina akaja mbio akidhani nimepata mjukuu. Asante Yesu. Asante, asante. Siandiki zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Kumetulia. Kemi bado amelala.

Ameniomba niandike lile la jani katika kitabu chake cha kazi, kwa mkono wangu. Walimu wake watalisoma. Mimi niliyeishia darasa la saba. Nimekaa na kalamu tangu chai. Mwisho nimeandika hivi:

"Mimi mama yake Kemi nilifunika betri kwa jani la mgomba, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Yeye hakujua. Mwenye swali aniulize mapema, wakati bado nakumbuka vizuri."

Nikaweka sahihi.