Bado ya Baba Zuhura

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Nimefagia uwanja, nimechota maji, nimerudi. Mume wangu bado anatafuta kiatu cha pili. Mwanamume huyu! Jana nilimtuma chumvi, akasalimia kijiji kizima, chumvi ikafika adhuhuri.

Mvua hakuna. Hapa kijiji kipya tulikohamishiwa hatujavuna kitu. Tuna mihogo michungu tu ya shamba la zamani, tumeiloweka mtungini itoke sumu. Kila asubuhi mume wangu anaibonyeza kwa kidole gumba aone kama imelainika, anasema, "Bado." Zuhura wetu analia njaa. Mimi sina moyo wa bado.

Jumatano, 6 Novemba

Baba Zuhura kaenda shamba la zamani, atalala huko. Nimeitoa mihogo majini. Migumu kidogo, basi. Nimeikata vyembamba, nimeianika. Jua kali, jioni imekauka. Nimetwanga.

Alhamisi, 7 Novemba

Namchukia. Ugali umeiva, Zuhura ameshanawa mikono, ndipo baba yake akaingia. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akabeba sufuria, akamwaga ugali wote nje. Mtoto anatazama! Tena akapiga kelele, yeye asiyepaza sauti hata kwa mbuzi: "Mama Zuhura, unataka kuniulia mtoto?"

Nimeosha sufuria. Tunalala na majani ya kunde tu tumboni.

Ijumaa, 8 Novemba

Kuku waliodonoa ule ugali wamekufa. Wote, na jogoo.

Baba Zuhura amewafukia nyuma ya nyumba, polepole, kama afanyavyo kila kitu. Nilitaka anikaripie. Nimemkumbatia Zuhura mpaka akalalamika. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi kwa mtu huyu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilisikia unga umefika duka la kijiji. Sikungoja kukuche vizuri. Nimekuwa wa mbele kwenye foleni, nimepata, waliochelewa wamekosa. Baba Zuhura anawaambia majirani kwamba angetumwa yeye, angekuta mlango unafungwa. Wamecheka, nami nimecheka. Mungu alijua alipotuweka nyumba moja.

Jumatatu, 11 Novemba

Mihogo mingine iko majini. Asubuhi ameniita niibonyeze mimi. Nimebonyeza mmoja mmoja. Mmoja una kiini kigumu katikati. Zuhura kasimama na kikombe chake cha uji, ananiangalia.

Nikasema, "Bado."

Baba Zuhura akafunika mtungi, akaenda kutafuta kiatu.