Kidole cha Odalie

Mjukuu wangu Elodie,

Hujambo huko Houston? Sisi wa Mamou tu wazima, ila mbweha amenimalizia kuku. Kalamu sijui kuishika, kwa hiyo mimi nasema na jirani Nelwyn anaandika, na nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Jana nilikwenda dukani kwa Odalie kununua mchele. Kuniona tu, akaangua kicheko. "Bibi Azélie, kitukuu wako ana njaa huyo! Nimemwonjesha gumbo kwa kidole, akakinyonya hataki kukiachia!"

Ndipo nikajua ulikuja Mamou ukanipita.

Nikaagiza bakuli, nikalila gumbo lake nimesimama kati ya soseji na magunia. Mchuzi mzito, mtamu, sikufichi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Unga wa kuukolezea mchuzi umeukaanga mwenyewe?"

"Aa, Bibi, wa chupa. Ule pale kwenye rafu."

Wa chupa! Mama yako gumbo la kwanza alilionja kwenye kidole changu, na wewe pia, na unga niliukoroga kwa mkono huu mpaka ukawa na rangi ya kahawa. Leo mwanao anaonjeshwa na muuza duka!

Odalie anasema uliogopa nitakuuliza baba wa mtoto ni nani. Kweli, ningeuliza, tena kwa sauti. Sasa siulizi. Mlete Jumapili.

Gumbo la kwanza limeshakwenda, basi. La pili ni langu, na kucha nimeshakata.

Bibi yako anayekupenda mpaka hasira zinampanda,
Azélie