Mtungi Usiojaa

Bwiza, Jumamosi

Leo nusura niharibu pombe ya kuondoa matanga ya mume wangu.

Mtama ulikuwa kidogo, maana vita imefunga barabara ya kwetu. Nikaongeza maji mpaka mtungi ukajaa, kama tulivyoujaza siku ya harusi yetu. Mama mkwe akachovya vidole viwili, akavibana. Havikunata.

“Mwanangu, unataka tumuage na maji? Apana.”

“Na watu watatosheka na nini, mama?”

“Watu gani? We hesabu kwanza.”

Nikahesabu. Shemeji zangu wote wawili wamekufa. Rafiki za marehemu wa kule Buterere walikimbia, na hakuna anayejua kama… Nikapata mirija saba tu ya kunywea, mmoja kwa kila mtu, pamoja na wangu.

Nikairudisha yote motoni, mtoto mgongoni, nikakoroga mpaka ikapungua nusu. Nililia, nikamwambia mtoto ni moshi. Sasa vidole vinanata. Ikipoa nitatia chachu.

Mama mkwe alitaka tutumie chungu kidogo, watu wasione upungufu. Hapo nimemkatalia. Ikae mtungini humo humo. Atakayeinama na mrija wake aione nafasi ya wasiokuja.