Koti la Bi Rukia

Guangzhou, Jumanne, Januari 1998

Wala sikumwomba. Bi Rukia mwenyewe ndiye aliyenivika koti lake jana. "Mwanangu, baridi hii itakuua." Sote tumekuja kununua nguo za kuuza nyumbani, ila yeye anajaza kontena zima, mimi ananiachia kona niweke marobota yangu mawili. Nikashukuru.

Leo nimelivaa kwenda Zhanqian Road kununua suruali. Mwenye duka, ambaye Bi Rukia ni mteja wake wa siku nyingi, akalitazama koti kabla ya kunitazama mimi. "Laoban wako yuko wapi?" Yaani bosi wangu. Bei akakataa kunitajia, eti atazungumza na mama mwenyewe.

Usiku huu nimerudia kusoma riwaya moja ya Kiingereza niliyokuja nayo, ya enzi za Malkia Viktoria. Bibi wa nyumba humpa mtumishi wake magauni aliyokwisha kuyachoka. Mara ya kwanza nilimwona mkarimu. Sasa naona mji mzima ulijua msichana yule ni wa nani kwa kulitazama gauni tu.

Labda namdhania vibaya. Lakini mbona alisisitiza nilivae hasa nikienda sokoni?

Kesho namrudishia. Nasema hivyo, na hapa ninapoandika nimelifunga vifungo vyote hadi shingoni.