Jogoo Wako Alilala Chumbani Mwako

Mama mkwe,

Ulipokuwa hai ulitaka nikuite Mama tu, nami nilikuita hivyo mbele za watu huku nimeuma meno. Leo nakuita mama mkwe, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa kwangu, na huwezi tena kunikata jicho.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, mchana, mlango wazi. Najua ungekuwa umeshakasirika: mwanga unaingia mpaka kwenye mafiga, na mke wa mwanao amekaa anaandika badala ya kutwanga majani ya sombe. Kaa na hasira yako. Mimi nilikaa na yangu tangu nilipoletwa hapa Baraka kutoka kijiji chetu cha Swima, na hukuwahi kuniuliza naiweka wapi.

Nataka kukupa habari za jogoo.

Maneno yako nayakumbuka yote. Ulikuwa umelazwa sebuleni kwenye mkeka, ile tension, presha yako, imekuvimbisha miguu, bamama wa kanisa wamekuzunguka na vitabu vyao vya nyimbo. Mimi nilikuwa chini, nakuosha miguu hiyo. Jogoo wako akapita mlangoni, kichwa juu. Ukamnyooshea kidole, ukasema: "Ule jogoo yangu, siku ya kuvunja matanga njo mutamuchinja, mukule, mujue nimeenda muzuri. Atamuchunga uyu muke wa Wilondja. Akishindwa kuchunga kuku moja, nyumba ya mutoto wangu ataiweza wapi? Binti yangu Riziki atakuja aishike." Bamama wakaitika amina kana kwamba umemaliza sala. Miguu yako ilikuwa bado mikononi mwangu, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye viwiko vyangu, na hakuna aliyenitazama.

Halafu ukafa. Hukuniachia hata nafasi ya kukujibu.

Binti yako Riziki, aliyekuwa amekuja kukuuguza, alibaki kukuzika, akalia vizuri kuliko sisi wote, kisha akarudi kwa mume wake huko Lulimba. Akiwa ameshapanda pikipiki aliniita karibu. "Wifi, mi naenda kufunga mizigo pole pole. Usalimie jogoo."

Kwa hiyo nilimchunga. Sikumpenda, lakini nilimchunga. Nilimpa mahindi, nikamfunika kwa kikapu chake pembeni ya moto kila jioni, mahali pale pale ulipomweka wewe, kwa sababu ulishatuambia sote kwamba ulivuka ziwa ukikimbia vita na jogoo kwapani, na tangu uliporudi hakuna kuku wako aliyelala nje. Nilifuata kila kitu chako. Hata hivyo asubuhi moja aliwika, sauti ikakatika katikati. Akapiga chafya. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni.

Baada ya hapo hali yake ikawa mbaya upesi. Povu likajikusanya kwenye kona ya jicho, uso ukavimba upande mmoja, pua zikaziba. Alipokuwa ametulia ulisikia kifua kikichemka kama uji mzito. Alipokuwa hajatulia, alinyoosha shingo na kufungua mdomo akitafuta hewa. Mimi nafundisha biolojia shuleni. Nimechora mapafu ya ndege ubaoni mara nyingi, kwa chaki za rangi. Nilisimama mbele ya jogoo wako na chaki zangu zote hazikunisaidia.

Mama Apendeki, jirani yetu ambaye kuku wake wote wanamtegemea jogoo huyu, alikuja kumtazama. "Umutie pilipili na mawese mu koo. Mama mukwe yako alifanya vile."

Najua ulifanya vile. Nilikuona: unamkaba shingo, unafungua mdomo kwa kidole gumba, unamimina. Anaruka, anakohoa wekundu, halafu ananyamaza kwa mateso, na wewe unasema amepona. Nikamwambia Mama Apendeki sitaki.

"Basi umuchinje leo, mbele hajajifia."

"Nikimchinja leo, siku ya matanga tutachinja nini?"

"Batakuchinja weye," akasema, akacheka, akaenda zake.

Nilimwita veterinere, daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, akamshika jogoo, akaweka sikio mgongoni kwake. Akawatazama mitetea mmoja mmoja, akatazama na kinyesi chao. Akasema si tauni ya kuku. Ingekuwa tauni, wengine wangekuwa wanapinda shingo na kufa, na tusingekuwa na la kuongea. Huu ni ugonjwa wa kifua, ule wa taratibu, na unaweza kuwaingia mitetea. Kisha akauliza analala wapi.

Nikamleta hapa jikoni. Ulipajua wewe mwenyewe: kuta nyeusi kwa masizi, dirisha hakuna, na chini ya kikapu kinyesi cha miaka, ulichokuwa unakifunika kwa majivu badala ya kukitoa. Veterinere aliinama pale, macho yakamtoka machozi, akaanza kukohoa yeye. "Mwalimu," akasema alipofika nje, "ata mimi nikilala mule nitaugua." Akaniachia unga wa njano wa kuchanganya kwenye maji. Jogoo atengwe na wenzake, mahali pakavu penye hewa, asipate maji mengine ila hayo. Na asiliwe, hata dawa ikiisha, mpaka siku alizonitajia zipite. Nilizihesabu kwa vidole nikiwa nimesimama pale pale. Siku yako ya matanga ilikuwa ndani ya siku hizo.

Na nimtenge wapi? Unaijua parseli yetu, kiwanja hiki kidogo. Sebule ina wageni wa ukoo kila wiki. Chumba chetu kinatutosha sisi kwa shida. Ila kilikuwepo chumba chako, kimefungwa kwa kufuli tangu tukuzike, kisifunguliwe mpaka siku ya kugawa nguo zako.

Nilimwambia Wilondja. Akasema, "Mmm." Mwanao anatengeneza mashine za mitumbwi, anasikia mngurumo kutoka mbali na kukuambia ni kifaa gani kimeharibika. Lakini wanawake wawili wamepigana ndani ya nyumba yake tangu anioe, na hakusikia kitu. Nikachukua ufunguo mwenyewe kwenye suruali yake.

Niliviringisha godoro lako nikaliegemeza ukutani. Pagne zako za vitenge nilizifunga vizuri ndani ya shuka, sikuiba hata moja. Dirisha ulilokuwa umeliziba kwa gunia nililifungua, na upepo wa ziwa ukaingia kwa nguvu kama uliokuwa umengoja hapo nje. Nikatandaza mchanga mkavu. Nikamweka jogoo. Alizunguka chumba chote taratibu, akikagua, kisha akanya karibu na viatu vyako vya kanisa.

Nilicheka. Nakuambia kweli, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na nikiwa chini hapo, nikakumbuka, na sikutaka kukumbuka, siku mvua ilipotukuta na ndakala, dagaa wetu, wametandazwa uani. Tulikimbia wote wawili, tukakamata turubai kila mtu upande wake, ukateleza, ukaanguka juu ya samaki, ukacheka. Sijawahi kusikia mtu mzima akicheka hivyo. Nikakuinua. Ukanishika mkono muda kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha ukajikung'uta magamba ukasema, "Usizoee."

Sikuzoea.

Kila siku nilimfuta jicho kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Nilimzibua pua. Nilimbadilishia maji ya dawa, nikatoa mchanga mchafu, nikanawa mikono na kubadilisha viatu kabla ya kwenda kwa mitetea. Nilipokuwa namfuta nilimwambia yote niliyokuwa nimekusudia kukuambia wewe. Kuhusu chumvi uliyoongeza kwenye chungu changu wageni wakiwa mlangoni. Kuhusu ulivyowaambia bamama kwamba nasoma vitabu ili nisizae. Alinitazama kwa jicho moja, kama wewe. Lakini yeye hakuondoka nikiwa bado naongea. Uvimbe ukapungua. Kifua kikanyamaza. Akaanza kula kwa fujo.

Riziki alifika siku moja kabla ya matanga, na pikipiki ilikuwa imefungwa godoro. Kweli alikuwa amefunga mizigo. Hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja chumbani kwako ili aanze kulia, akasukuma mlango, na jogoo akamrukia kutoka kwenye kitanda.

Kelele zake zilileta bamama wote waliokuwa wanachambua mchele uani.

"Kuku mu chumba ya mama! Kaburi haijakauka, na weye unamufugia kuku ku kitanda!"

Ningeweza kunyamaza. Jogoo alikuwa hai, amenona, ana hasira. Yeyote angemwona mzima. Ningemtoa kesho, wamchinje, wale, waseme mke wa Wilondja ameweza. Nilikuwa nimeshashinda mtihani wako. Lakini katika sahani za kesho kulikuwa na watoto, na kulikuwa na dawa. Nikasema yote: aliugua, nilimtenga, amekunywa dawa, kesho haliwi.

Mama mmoja akasema polepole, "Ni kusema umeshindwa, mwanangu."

Riziki akapiga makofi. "Bamama, si mulisikia maneno ya marehemu na masikio yenu? Muntu asome masomo yote, kuku moja imushinde. Na kikohozi tu! Uyu jogoo tangu lini hakohoi? Mwaka yote anakohoa, mama anamutia pilipili, anasimama. Ata ile siku mama anatuachia maneno, asubui alimutia. Mimi njo nilimushikaka mabawa."

Alikuwa anaendelea kupiga makofi. Kisha mikono yake ikapunguza mwendo.

Nilitazama kitanda chako kana kwamba ungekuwa umelala pale. Asubuhi ile. Ulimnywesha asubuhi ile, ukampitisha mlangoni kichwa juu, halafu ukanikabidhi mbele ya mashahidi wenye vitabu vya nyimbo. Na mimi nakuosha miguu.

"Kumbe," akasema Mama Apendeki, "alimupatia wa kufa."

Mkubwa wa bamama wa kanisa alisimama, akakung'uta makapi ya mchele kwenye nguo yake. "Ile maneno ya jogoo, tusiitumikishe tena. Tuendelee na mupunga."

Na Wilondja, ambaye sikujua amefika, akasema kutoka nje: "Riziki, godoro yako ibaki ku pikipiki. Usiishushe." Mama mkwe, sijawahi kumsikia mwanao akimaliza sentensi mbili pamoja. Kisha akashuka ziwani. Matanga yako tuliyavunja kwa mikeke, samaki aliowaleta. Wazee wa ukoo walinung'unika kwamba samaki si heshima, wakala, wakaomba mchuzi.

Riziki aliondoka bila kuniaga. Alichukua pagne zako zote, hata zile ulizomwahidi Mama Apendeki. Ni haki yake, ni mama yake aliyekufa. Alipokuwa anafunga mafurushi ya nguo nilimwona akinusa moja, akaiweka chini, akainusa tena.

Jogoo sasa analala nje, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, juu ya kijiti cha kulalia, na kufuli lako nimelifunga hapo. Anawika kwa sauti iliyopasuka. Veterinere anasema ugonjwa umebaki ndani yake na anaweza kuugawa maisha yake yote, kwa hiyo haendi tena kwa kuku wa watu, na Mama Apendeki ananilaumu mimi. Jiko nimelikwangua mpaka udongo mpya. Fundi ametoboa dirisha. Kwa kinyesi cha kuku wako na majivu yako nimestawisha mboga ya lengalenga, na ni nzuri, nakiri.

Nimejaribu kukutetea. Labda uliamini kabisa pilipili yako. Labda ulimwona amesimama ukafikiri amepona, kama ulivyofikiri kila mara. Nalishika wazo hilo asubuhi, na kufika jioni limeshanitoka. Ulinichukia, na hata hilo ningeliweza. Watu huchukiana na kuishi. Lakini ulinichukia kupitia kwa bamama, kupitia kwa chumvi, kupitia kwa kuku, na siku nilipokuwa nimejiandaa kukuuliza kwa nini, ulikuwa umeshafungwa mdomo kwa kitambaa cheupe, na mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa fundo.

Lala huko uliko, mbali nami. Sitakuja kulia kaburini. Nitakuja kung'oa majani, kwa kuwa Wilondja hatakumbuka, na sitaki waseme.

Na nakuahidi hili, wewe na si mwingine. Nikijaliwa mtoto wa kiume, naye akaniletea mke nisiyempenda, nitamkalisha mbele yangu nikiwa hai na nguvu zangu, nitamwambia kwa nini simpendi. Kisha nitanyamaza, anijibu.

Mariamu,
wa nyumba hii