Baba Mwenda na Bomba la Maji Moto

Jumatatu, 14 Julai
Nimewasha boila ya kuchemshia maji saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kuni mbichi, moshi tele. Maji moto bado yanatoka kama uzi. Ndoo moja, nusu saa. Nimemwogesha Baba Mwenda akitetemeka. Huu upepo wa Julai unapenya hata chini ya mlango. Tangu apate kiharusi mwezi wa tatu, mkono wa kulia na ulimi vimekataa kazi. Boila hii aliijenga yeye mwenyewe. Miaka thelathini amekuwa fundi wa mabomba hapa Isiolo. Sasa mume wangu yuko kitandani, na mimi, mwalimu mstaafu, ndiye ninachungulia mifereji.

Jumanne, 15 Julai
Mifereji ya maji baridi ina nguvu. Ya moto ni dhaifu, bafuni na jikoni pia. Nimeita fundi kutoka mjini. Amebadilisha mfereji wa bafuni, akaenda zake. Hakuna tofauti.

Wakati wote huo Baba Mwenda alikuwa anagonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Nikadhani anataka choo. Nikamwinua, akakataa. Akagonga tena. Nikamfokea, "Wacha! Wewe sasa unajua nini?"

Akaacha kugonga. Akageuzia ukuta uso. Naona haya hata kuandika.

Jumatano, 16 Julai
Hakula asubuhi. Sikumwomba msamaha. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempigia Guyo simu. Yeye na Baba Mwenda walifanya kazi pamoja miaka mingi, mpaka wakakosana wakichimba mtaro kule Kinna. Miaka sita bila salamu. Sikutegemea aje. Amekuja kwa pikipiki kutoka Kulamawe, vumbi mpaka kwenye kope.

"Salaam aleikum, mama." Hakuuliza boila iko wapi. Aliingia chumbani kwanza, akakaa kitandani, akashika ule mkono uliokufa. Baba Mwenda akalia. Nikatoka.

Baadaye Guyo alipanda kuangalia tangi. Limejaa. Koki ya kufungulia maji iko wazi. Maji yanaingia kwenye boila vizuri. Akarudi chumbani kumweleza mwenzake, kama zamani. Baba Mwenda akaanza kugonga ukuta. Nikaenda kumtuliza.

"Mama, ngoja," Guyo akasema. "Mzee anaongea."

Nyuma ya huo ukuta ndipo boila ilipo. Tangu Jumanne alikuwa ananionyesha.

Tulimtoa nje kwa kiti cha magurudumu. Guyo akampa spana. Akagonga bomba la maji moto, pole pole, akilifuata kutoka upande wa bafuni kuelekea boila. Linalia vizuri. Linalia. Kwenye elbo, ile kona pale bomba linapotoka kwenye boila, sauti ikafa, kama umegonga gogo. Akagonga hapo mara tatu. Akaniangalia. Si Guyo. Mimi.

Moto ulipozimika na boila kupoa, Guyo alilikata bomba hapo. Ndani chokaa tupu, nyeupe, ngumu kama mfupa. Tundu lililobaki halipitishi hata penseli.

"Hii maji ya borehole, ya kisima kirefu, mama. Chumvi. Imeziba bomba yote hapa kwa kona."

Ijumaa, 18 Julai
Guyo amefunga bomba jipya baada ya sala ya mchana. Maji yametoka kwa kishindo, kwanza mekundu, kisha safi. Bafu likajaa mvuke. Nikamwogesha Baba Mwenda bila haraka, mgongo, shingo, miguu. Hakutetemeka.

Nikamwambia, "Nisamehe." Akaniwekea ule mkono wa kushoto kichwani, na povu la sabuni.

Jumapili, 20 Julai
Kiharusi tena. Nilikuwa namvalisha shati la kanisani. Tuko hospitali.

Jumatatu, 21 Julai
Daktari anasema sasa amepooza pande zote mbili. Nimempigia Mwenda Nairobi. Mwanangu amelia kwenye simu. Mimi bado.

Jumamosi, 2 Agosti
Tumerudi nyumbani tangu Jumatano. Hagongi tena. Macho yake wakati mwingine yananifuata, wakati mwingine yanabaki dirishani. Guyo amekuja, amekaa naye saa nzima akimsimulia kazi zao za zamani, na ule mtaro wa Kinna pia. Amekubali kwamba yeye ndiye alikosea. Sijui kama Baba Mwenda amemsikia.

Alipoondoka nimemnyoa ndevu Baba Mwenda. Nimempaka mafuta. Nimemwambia leo ni Jumamosi, upepo umetulia, majirani wameanua nguo. Kisha nikakaa karibu naye, mpaka chai yangu ikapoa.